Nilivyojifunza kusoma lebo za vipuri vya Mi-26

Ukifika kwenye depo ya vipuri vya Kirusi na mtu akakuambia, "Yaya, andika tu vile unaona," usimsikie. Mimi nilimsikia, na Mi-26 yetu, helikopta kubwa ya Kirusi, ililala chini siku tisa pale uwanja wa ndege wa Goma.

Nilikuwa natunza depo ya kampuni moja ya kukodisha ndege. Depo yenyewe ni makontena mawili, na vumbi jeusi la volkano ya Nyiragongo linaingia hata kwenye boksi iliyofungwa. Asubuhi moja makanika wetu, Mukraine, akaja kuomba chujio la oili la giaboksi kubwa, VR-26. Nikatafuta kwenye kompyuta: hakuna. Nikapekua rafu zote kwa mkono, hakuna. Tukaagiza, na usafiri peke yake ulikula dola nyingi.

Kifurushi kilipofika nikakata kamba, nikafunua karatasi ya nta. Lebo ilisema BP-26. Mikono ikaniishia nguvu. BP-26 naijua! Niliiandika mwenyewe mwaka uliotangulia. Nikaenda rafu ya tatu, nyuma ya matairi, nikakuta mawili, karatasi ileile, harufu ileile ya grisi. Kwa Warusi, kinachofanana na B ni V, na kinachofanana na P ni R.

Wengine wakanishauri nitumie simu, ipige picha na kutafsiri. Simu inatafsiri maneno. VR-26 si neno, ikaniachia BP-26 yangu vilevile.

Dawa niliipata kwenye kifuniko cha sanduku la mbao: POCTOB-HA-ДOHY. Nikamuuliza makanika, huu ni mji gani? Akasema Rostov-na-Donu, ndiko Mi-26 inakotengenezwa. Basi nikachukua kalamu na kuandika R juu ya P, S juu ya C, V juu ya B, N juu ya H, U juu ya Y. Ile kama kinyumba ni D. Jina moja la mji likanipa herufi tisa! Nikalinakili kwenye kartoni, nikaibandika mlangoni, nikarudia orodha yote, kipande kwa kipande, na paspoti yake, yaani hati inayoonyesha saa zake za kazi. Kipuri kisicho na paspoti ya saa zake hakifungwi kwenye ndege, hata kikiwa kipya.

Kartoni ile ndiyo iliyonifanya niipende ndege. Mi-26 iliruka mara ya kwanza tarehe 14 Desemba 1977, chini ya mbunifu wake mkuu Marat Tishchenko, ili ichukue nafasi ya Mi-6 jeshini. Mi-6 ilikuwa na mapanga 5 juu. Hii ina 8, na inabeba tani 20. Lakini injini zake mbili, D-136, zinatoka Zaporizhzhia, Ukraine. Wakati wa Wasovieti ilikuwa nchi moja. Leo Rostov na Zaporizhzhia ziko pande mbili za vita, kwa hiyo ukipoteza kipuri ndani ya depo yako mwenyewe, hujui utakipata tena wapi.

Baada ya hapo sikuagiza tena kitu kilichopo. Uwanja ulipofungwa Januari 2025, niliibandua kartoni ile mlangoni. Iko nyumbani, na mtoto wangu mkubwa ameshajua kuisoma.