Zile Tulizozikata

"Shangazi, mbona ioni hizi tunazikata kwenye mlinganyo wakati zimo humo humo kwenye maji?" Binti wa kaka alikuwa ameinamia daftari la kemia, kalamu yake juu ya K⁺, ioni ya potasiamu, nami papo hapo nikarudi kidato cha tatu.

Siku ile mwalimu alimimina iodaidi ya potasiamu kwenye naitreti ya risasi, ile metali nzito. Vimiminika vyote viwili vilikuwa vyangavu, havina rangi. Vilipokutana ikazuka manjano kali ya bizari, darasa zima likaguna. Tukaandika mlinganyo, tukatenganisha ioni, yaani chembe zenye chaji, tukakata zilizojirudia kushoto na kulia: potasiamu na naitreti. Ikabaki Pb²⁺ + 2I⁻ → PbI₂, risasi na iodaidi zikiungana kuwa ile manjano. Zilizokatwa ni ioni watazamaji: zimo, ila hazibadiliki. Kwetu kipindi kilikuwa kimekwisha.

Mwalimu hakufuta ubao. Aliyachuja yale mashapo ya manjano, akayaweka kando kwa sababu risasi ni sumu, akabaki na yale maji yaliyopita kwenye karatasi. Vipimo alikuwa amevipanga tangu mwanzo ili risasi na iodaidi zimalizane. Akayachemsha kwenye kibakuli cha kauri mpaka yakakauka, zikabaki fuwele nyeupe: shura, yaani naitreti ya potasiamu, ile inayotiwa kwenye baruti. Akabana punje chache kwa koleo, akazidondosha juu ya kaa la moto. Zikachachatika, kaa likalipuka mwali, na ukingoni mwa mwali ikaonekana zambarau hafifu. Hakuharakisha. Akadondosha nyingine ili walio nyuma nao waone. Huo mwako, alisema, ni oksijeni ya naitreti. Hiyo zambarau ni potasiamu. Zote mbili zilikuwepo muda wote.

Nilimsimulia binti hivyo hivyo. Mlinganyo mfupi nauheshimu sana: tumia iodaidi ya sodiamu badala ya ile ya potasiamu, manjano itakuwa ile ile na mlinganyo ule ule. Lakini risasi ingeingiaje kwenye maji baridi bila mwenzi kama naitreti? Kloridi yake huyeyuka kwa shida. Salfeti yake karibu haiyeyuki kabisa. Naitreti ndiyo iliyoifikisha pale ilipokutana na iodaidi.

Kwenye mtihani zikatwe, hilo halina ubishi. Nje ya mtihani bado sijaamua. Mimi nikizikata hupiga mstari mwembamba, ili ziendelee kusomeka.