RICA juu, RDVS chini

Jumapili nilikuwa nazurura soko la vitu vya kale hapa Bordeaux, mzee mmoja akanitolea kibahasha. Ndani kuna kisarafu chembamba, cheusicheusi, hakifiki hata uzito wa punje chache za mahindi. Nikabana pumzi nisije nikakipeperusha!

Ni dinari, sarafu ndogo ya enzi hizo, ya Richard, yule Moyo wa Simba, akiwa duki (mtawala) wa Aquitaine, eneo hili la kusini-magharibi mwa Ufaransa. Upande mmoja msalaba na jina la Aquitaine. Wa pili jina lake, limekatwa vipande viwili kama fundi aliishiwa nafasi: RICA, chini yake RDVS, yaani Ricardus, Richard kwa Kilatini.

Kilichoniacha hoi: huyu bwana alikuwa mfalme wa Uingereza 1189 hadi 1199, lakini peni za kule ziliendelea kuandikwa Henricus (Henry), jina la baba yake. Lake ulikute huku Ufaransa!

Madini yenyewe ni fedha iliyochanganywa na shaba. Enzi hizo dinari 12 zilikuwa soli moja, soli 20 pauni, ila soli na pauni zilikuwa hesabu za daftarini tu. Mfukoni vilikuwa hivi vidogo.

Nikauliza bei. Nikarudisha kibahasha taratiiibu. Asante, mzee.