Kipindupindu, sangara na nafasi ya 117

Orodha ya ushindani wa kiuchumi wa mataifa ilipokuwa ikitoka, swali la kwanza kazini kwetu lilikuwa moja: Kenya wako wapi? Mwaka 2019, Jukwaa la Uchumi la Dunia lilipopanga nchi 141, Singapore ilikuwa ya kwanza, Kenya ya 95, Rwanda ya 100, Uganda ya 115, na sisi Tanzania wa 117. Mazungumzo yakaishia kwenye ujirani, chai ikaisha, kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilikuwa na la kusema, na nimelibeba muda mrefu, kwa hiyo naliandika hapa.

Nakagua ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Napima joto la samaki wanaposhushwa, nachukua sampuli za maji na barafu, naangalia mikono na mabuti ya wakataji, nahakikisha karatasi za kila mzigo zinaonyesha samaki ametoka mwalo gani, yaani amepokelewa ufukwe upi kutoka kwa wavuvi. Nikisikia neno ushindani, akili yangu huenda moja kwa moja kwenye ile chupa ya sampuli ya maji.

Mwishoni mwa 1997 kipindupindu kilikuwa kimeenea Afrika Mashariki. Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hatari ya ugonjwa huo kusafiri ndani ya samaki wa biashara ni ndogo sana, lakini zuio lilibaki hadi katikati ya 1998. Mwaka uliofuata likaja jingine, safari hii kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya minofu vilikuwa bado vichanga, vingi vilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Nilikuwa mtoto wa Igogo, hapa hapa Mwanza, wakati huo. Mama alikuwa ananunua mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya mnofu kukatwa, anayakaanga na kuyauza jioni. Kiwanda kisipokata hakuna mapanki, na kwetu mapanki ndiyo yaliyokuwa yanalipa ada, kwa sababu shule ya msingi ilikuwa bado ya kulipia. Kaka yangu alikaa nyumbani mpaka mambo yalipotengemaa. Hakuna mtu wa Ulaya aliyemkusudia kaka yangu mabaya. Lakini mpaka leo nikieleza uhusiano wa biashara ya nje na maisha ya watu naanza na yeye.

Na hebu tujiulize tulishindwa wapi. Sangara wetu alikuwa mzuri, bei yetu ilikuwa nzuri, ndege zilikuwa zinatua na kuondoka. Tulishindwa kwenye vyoo. Kwenye kambi za wavuvi, mwambao na visiwani, watu walikuwa wanajisaidia vichakani hatua chache kutoka majini, wanaoga ziwani, wanachota ziwani maji ya kunywa. Mnunuzi hakuhitaji kutuonea ili atuogope. Taifa zima lilipoteza soko kwa namna wavuvi wake walivyokuwa wanaishi.

Kwa hiyo lile swali la wasomi, kama ushindani ndio huleta maendeleo ya watu au maendeleo ya watu ndiyo huleta ushindani, mimi naona limeulizwa kutoka mbali. Ni kweli kwamba ukiweka vipimo viwili, cha ushindani na cha maendeleo ya watu, kwenye mchoro mmoja, nchi nyingi zilizo juu huku ziko juu na kule. Tazama lakini vinavyoundwa. Kipimo cha maendeleo ya watu, kilichotolewa na UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1990 kwa juhudi za Mahbub ul Haq wa Pakistan pamoja na Amartya Sen wa India, kinaangalia umri wa kuishi, elimu na kipato. Kile cha ushindani cha 2019 kina nguzo 12. Nguzo ya afya ni kipimo kimoja tu, miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi akiwa na afya njema, na kwenye nguzo ya ujuzi umo wastani wa miaka ya kukaa shule. Mambo yaleyale yamehesabiwa pande zote mbili. Sehemu ya kufanana kwao imewekwa tangu mwanzo.

(Na sisi huku hatukusubiri 1990. Ujinga, maradhi na umaskini: Mwalimu Nyerere aliwataja maadui hawa watatu tangu uhuru, na ukiwatazama ndio haohao wanaopimwa na UNDP.)

Kanda yetu ina historia ya upande wa pili pia. Azimio la Musoma la 1974, lililopitishwa hapa hapa ukanda wa ziwa, ndilo lililosukuma elimu ya msingi kwa kila mtoto. Mwaka mmoja kabla yake kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewafikisha watu vijijini kuchimba vyoo huku wakisikiliza redio kwa vikundi. Shangazi yangu ni mtoto wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, anasoma na kuandika vizuri kuliko vijana wengi ninaowapokea kazini. Kisha uchumi ukaporomoka. Nchi haikuwa na cha kutosha cha kuuza nje, fedha za kigeni zikakauka, dawa na vitabu vikakosekana, michango na ada zikarudi, na watoto wakapungua madarasani mpaka ada ya msingi ilipofutwa mwaka 2002. Nawaheshimu sana waliojenga elimu ile. Iliwaangusha hazina tupu, na hazina hujazwa na watu wanaouza kitu ambacho dunia inakitaka. Ndiyo maana nikisikia mtu anazibeza takwimu za mauzo ya nje kwamba ni mambo ya matajiri, sikubaliani naye.

Sasa nifike kwenye linaloniuma.

Baada ya mazuio yale tulijirekebisha, na tulijirekebisha vizuri. Viwanda vilibadilishwa, wakaguzi wakafunzwa, leo Nyegezi, hapa Mwanza, kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Mialo kadhaa ilipewa sakafu ya saruji, maji yaliyotiwa dawa, vyoo, uzio. Nikienda kukagua naridhika na ninachokiona ndani ya uzio. Nje yake ni habari nyingine. Kuna mwalo mmoja, sitautaja, ambapo samaki anaoshwa kwa maji ya bomba na mwanamke aliyemuuzia chai mvuvi anapita na ndoo kando ya uzio kwenda kuchota ziwani, na watoto wake wako mumo humo majini hadi kiunoni.

Maji hayo yana kichocho. Kichocho cha tumbo ni ugonjwa wetu wa miaka yote huku. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza wameuandika kwa miongo. Konokono wanaishi ukingoni, vimelea vinatoka kwao na kupenya ngozi, mtoto anapungukiwa damu, anachoka darasani, na akiachwa miaka mingi ini linaharibika. Dawa ipo, prazikwanteli, na watoto hugawiwa shuleni. Wanameza, wanarudi majini, wanaambukizwa upya, kwa sababu hakuna bomba.

Kichocho na kipindupindu vyote vinaletwa na ukosefu wa choo na maji safi. Kimoja kiliwahi kusimamisha ndege za minofu, na fedha zikapatikana haraka. Kingine hakimsumbui mnunuzi yeyote wa Ulaya, kwa sababu hakimfikii, na kinaendelea kusubiri zamu yake. Hapo ndipo ninapoona mpaka wa hoja ya ushindani. Ukimtetea mtoto kwa sababu atakuwa nguvukazi bora, utamjengea kile tu ambacho soko linakiona. Soko linaishia kwenye uzio.

Wataalamu wa Benki ya Dunia walijaribu kuziba pengo hilo kwa kipimo chao cha rasilimali watu. Cha 2020 kiliipa Tanzania 0.39, maana yake mtoto anayezaliwa hapa, kwa afya na elimu iliyopo, akikua atazalisha asilimia 39 ya ambacho angeweza kama angesoma kikamilifu na kuwa na afya kamili. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Nazisoma namba hizo nikiwa kwenye mwambao wenye dagaa wanaoanikwa hadi upeo wa macho, na sehemu kubwa ya dagaa hao inakwenda kusagwa kuwa chakula cha kuku.

Yapo yanayofanyika na yananifurahisha. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji ambapo zamani ulisubiri kivuko. Linapitisha lori la samaki, na linapitisha gari la wagonjwa linalokwenda hospitali ya Bugando, bila kuchagua. Ningetaka mabomba yajengwe kwa moyo huohuo.

Dira 2050, mpango wa taifa wa maendeleo, inazungumzia uchumi wa dola trilioni moja na kipato cha dola 7,000 kwa mtu. Sipingi. Naomba tu kwamba bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi inaposomwa Dodoma, na tani za minofu zilizouzwa zinapotajwa, basi mwalo kwa mwalo itajwe pia idadi ya kaya zenye bomba nje ya uzio, watoto waliokutwa na kichocho, na waliofika darasa la saba. Namba hizo si za kutafutwa mbali, ziko kwenye madaftari ya zahanati, ya serikali za vijiji na ya walimu wakuu. Wabunge wetu wa kanda ya ziwa wanaweza kuziomba kabla ya bajeti ijayo, na mimi nimeshamwandikia wa kwetu.