Harufu ya rangi mpya katika nyumba ya kupanga
Mwenye nyumba wangu hapa Mwanga, Kigoma, alipaka milango na kabati rangi ya mafuta siku chache kabla hatujahamia, na harufu yake ilitukaba koo. Kinachonuka ni hasa mvuke wa tina, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, unaotoka kadiri rangi inavyokauka, hivyo dawa yake ni hewa: mchana, upepo wa Ziwa Tanganyika ulipovuma, nilifungua madirisha ya pande mbili na kuacha kabati wazi, kwa kuwa humo ndimo harufu hung'ang'ania zaidi. Jirani alinishauri nifukize udi, lakini udi, pamoja na uzuri wake wote, huongeza moshi tu juu ya mvuke. Mtoto mchanga tulimpeleka kwa bibi yake Ujiji mpaka rangi ilipoacha kunata kidoleni na harufu ikaisha.