Mvuvi wa Altuna

Darasa letu lilikuwa Ultuna, kusini mwa mji wa Uppsala, penye makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Uswidi. Nilikwenda huko mwezi wa Oktoba kwa kozi ya wiki tatu ya magonjwa ya mimea. Mimi ni bwana shamba mkoani Kagera, na mnyauko wa migomba tunapambana nao tangu 2006. Siku ya pili mwenyeji wangu akaniuliza kama ninajua nasomea kwenye kiwanja cha nani. Nikamjibu cha serikali. Akatikisa kichwa, akasema, "Cha Ull."

Mwenyeji huyo ni mama wa Kiswidi, muuguzi mstaafu, aliyewahi kufanya kazi ujanani mwake katika hospitali moja ya misheni huko kwetu. Mimi namwita Mama, yeye ananiita mwanangu, na kila asubuhi nilimpa shikamoo akaitikia marahaba kwa kuivuta, kama wanavyoivuta kina mama wa Bukoba. Ndiye aliyenifungulia habari za miungu ya kale ya nchi yake. Bila yeye ningerudi nyumbani na daftari la fangasi na bakteria tu.

Ull, alinieleza, ni mungu wa upinde na wa zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji. Vitabu vya kale vinamtaja kwa mistari michache, bila kisa kirefu kinachomhusu. Lakini jina lake limekaa ardhini: Ultuna, Ulleråker, na sehemu nyingine nyingi za Uswidi na Norwe. Watu waliomwomba wamekwisha, nyimbo zao zimekwisha, na jina limebaki kwenye kibao cha kituo cha basi. Tangu siku hiyo, kila niliposhuka pale Ultuna na mkoba wangu, nilikuwa nakisoma kile kibao kwa utulivu.

Hata siku zao za juma ni za miungu. Jumanne ni Tisdag, siku ya Tyr, yule aliyetia mkono wake kinywani mwa mbwa mwitu Fenrir ili wenzake wapate kumfunga, mkono ukaliwa. Jumatano ni Onsdag, siku ya Odin. Alhamisi ni Torsdag, ya Thor. Ijumaa ni Fredag, ya Frigg mke wa Odin. Jumamosi haina mungu. Maana yake ya asili ni siku ya kuoga. Nilimwambia Mama kwamba sisi siku zetu tunazihesabu, na tena tunazo tano mbili: Jumatano kwa hesabu yetu wenyewe na Alhamisi kwa Kiarabu. Alifurahi sana kwa hilo, akaliandika nyuma ya bahasha.

Jumamosi ya kwanza tukapanda basi kwenda Gamla Uppsala, yaani Uppsala ya Kale, kilomita tano hivi kaskazini mwa mji. Kulikuwa na baridi kavu na jua jembamba, majani ya mibetula yamegeuka manjano. Unashuka, na mara vinakusimamia mbele vilima vitatu vya mviringo vimejipanga mstari mmoja, vimefunikwa majani mafupi. Ni makaburi. Wakubwa wa karne ya 6 walichomwa moto humo pamoja na mali zao, kisha yakarundikwa mawe na udongo juu yao. Zamani watu walivigawa vilima hivyo kwa miungu: kimoja cha Odin, kimoja cha Thor, kimoja cha Frey. Vilipochimbwa, cha mashariki 1846 na 1847, cha magharibi 1874, ilikutwa mifupa iliyoungua, vipande vya dhahabu, na mabaki ya vitu vilivyopita motoni. Mama alisema kama watu walitarajia kukuta miungu, walikuta wafalme.

Nyuma ya vilima lipo kanisa la mawe, dogo kuliko unavyotegemea. Hapo palikuwa kiti cha askofu mkuu wa Uswidi kuanzia 1164 hadi kilipohamishiwa mji wa sasa mwaka 1273. Ndani amezikwa Anders Celsius, mtu ambaye jina lake nalisoma kila siku ninapopima joto la maabara. Nilisimama mbele ya jiwe lake kidogo tu, kwa kuwa mawazo yangu yalikuwa kwenye kilichokuwapo hapo kabla ya kanisa.

Habari zake tunazo kutoka kwa Adam wa Bremen, padri wa Kijerumani aliyeandika katika miaka ya 1070. Anasema palikuwa na hekalu lililopambwa lote kwa dhahabu, na ndani yake sanamu tatu. Thor, mwenye nguvu kuliko wote, ameketi katikati. Wodan, ndiye Odin, upande mmoja. Na Fricco, anayedhaniwa kuwa Frey, upande wa pili. Ikija njaa au tauni, kafara hutolewa kwa Thor, kwa kuwa radi, upepo, mvua na mazao ni vyake. Vikija vita, ni Odin. Ikiwa ni harusi, ni Fricco. Kila mwaka wa tisa watu wa Uswidi yote walikusanyika hapo, wakatoa madume tisa ya kila aina ya kiumbe, na miili ikatundikwa katika msitu mtakatifu kando ya hekalu, mbwa na farasi na binadamu pamoja.

Yasome maneno hayo ukiwa umesimama penyewe, utaona baridi inaongezeka. Lakini Mama alinikumbusha jambo ambalo limekaa nami mpaka leo. Adam hakufika Uppsala. Aliandika akiwa Bremen, kwa kusikia, na alikuwa mtu wa kanisa lililotaka imani hiyo ife. Wachimbaji wamekuta hapo ukumbi wa mbao wa mita hamsini hivi, na wakati wa kujenga reli mpya wakakuta mashimo ya nguzo kubwa zilizopangwa mistari miwili, mmoja wao ukikaribia kilomita moja. Ni wazi palikuwa mahali pakubwa mno. Hekalu la dhahabu lenyewe halijaonekana.

Na kitabu kikubwa kuliko vyote vya miungu hii, ile Edda ya Snorri Sturluson, kiliandikwa Iceland miaka ya 1220 na Mkristo, zaidi ya miaka mia mbili baada ya Iceland kubatizwa. Snorri aliwapenda wahenga wake na ushairi wao, hilo linaonekana. Ila naye hakuwahi kupiga goti mbele ya Thor. Basi karibu yote tunayoyajua kuhusu Odin, namna alivyotoa jicho lake moja kwenye kisima cha Mimir apate maarifa, namna alivyojitundika mtini usiku tisa, amejichoma mkuki, bila chakula wala kinywaji, hadi akaziokota herufi za runi, zile za kale za nchi hizo, yametufikia kupitia kalamu za watu ambao hawakumwabudu.

Nilikaa kwenye benchi chini ya kilima cha kati nikamfikiria bibi yangu. Mimi ni Mlutheri, mtoto wa Mlutheri. Askofu wa kwanza wa kanisa letu la Buhaya, Bengt Sundkler, aliyeliongoza kuanzia 1961 hadi 1964 kabla ya Josiah Kibira kumpokea, alikuwa msomi wa hapo hapo Uppsala. Bibi alibatizwa akiwa msichana mkubwa. Ninajua majina ya miungu aliyozaliwa nayo: Wamara, Irungu wa porini, Mugasha wa ziwa na dhoruba, ambaye jirani zetu Baganda humwita Mukasa. Majina nayajua. Lakini sehemu kubwa ya ninachojua kuhusu Mugasha nilikisoma kwenye maandishi ya wageni, na bibi alifariki nikiwa kidato cha pili bila mimi kumuuliza hata swali moja. Nilimwambia Mama hivyo. Hakusema kitu, alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake na tukakaa.

Jumamosi iliyofuata akaomba gari la mwanawe. Alitaka nione Thor aliyechongwa na watu waliomsikia bado yuko hai midomoni mwa wazee.

Njiani kuelekea magharibi alinisomea vibao. Fröslunda: kichaka cha Frey. Torslunda: cha Thor. Akanihadithia Njord, mungu wa bahari na upepo, baba wa Frey na Freyja. Jitu la kike Skadi alikuja kudai fidia ya baba yake aliyeuawa, akaruhusiwa kuchagua mume kati ya miungu kwa kuangalia miguu tu. Akachagua miguu mizuri kuliko yote akidhani ni ya Balder, mungu aliyesifika kwa uzuri, kumbe ni ya Njord, imeoshwa na mawimbi. Wakapatana kulala usiku tisa milimani kwa mke na usiku tisa pwani kwa mume. Njord hakuustahimili mlio wa mbwa mwitu. Skadi hakupata usingizi kwa kelele za shakwe. Wakaachana kila mtu kwao. Nimekulia kando ya Ziwa Victoria na nimewahi kupangiwa kazi milimani, mbali na maji. Njord nilimwelewa mara moja.

Altuna ni kijiji cha mashamba. Ngano ilikwishavunwa, mashamba meusi yamelimwa tayari kwa msimu ujao, kunguru wanatembea kwenye matuta. Odin ana kunguru wawili, Hugin na Munin, Wazo na Kumbukumbu, wanaoruka duniani kote kila siku na kumletea habari. Anasema anahofia Hugin asirudi, lakini Munin anamhofia zaidi. Jiwe lenyewe limesimama kanisani pale, jembamba na refu kumzidi mtu. Ni la karne ya 11, limechorwa herufi za runi kwa ajili ya watu waliokufa. Na upande mmoja, chini, yuko yeye.

Niliinama. Mtu yumo ndani ya mtumbwi peke yake. Mkono mmoja umeinua nyundo, Mjölnir. Mwingine umeshika mshipi, na mshipi umeshuka majini wenye chambo kikubwa, na chini pale joka limejikunja. Kisha Mama akanionyesha kwa kidole bila kuligusa jiwe: mguu wa mvuvi umetoboa tako la mtumbwi na kutokeza chini.

Kisa ni hiki. Thor alikwenda kuvua na jitu Hymir. Hymir akamwambia atafute chambo chake mwenyewe. Thor akaliendea kundi la ng'ombe wa Hymir, akamshika fahali mkubwa kuliko wote, akamng'oa kichwa. Wakapiga makasia hadi mbali, Hymir akaogopa, Thor akazidi kupiga. Akatupa ndoana. Akaja kuinasa Jörmungandr, joka la bahari linaloizunguka dunia nzima na kujiuma mkia. Joka likavuta, Thor akakaza miguu hata ikapasua mtumbwi na kukanyaga chini ya bahari. Akalivuta hadi kichwa kikafika ubavuni mwa chombo, wakatazamana macho kwa macho. Alipoinua nyundo tu, Hymir kwa hofu akachomoa kisu akaukata mshipi.

Kwenye jiwe Hymir hayupo. Mchongaji alimwacha. Hapo mshipi haujakatwa bado, na haujakatwa kwa karibu miaka elfu moja.

Nimeona sanaa nyingi safari ile. Siku ya mwisho nilipita Stockholm, kwenye Makumbusho ya Historia, nikaona sanamu ya shaba ya Rällinge, inayodhaniwa kuwa Frey, sentimita saba tu, ameketi amekunja miguu na kushika ndevu zake. Na jiwe la Tjängvide kutoka Gotland lenye farasi wa miguu minane. Ni vitu vya thamani kubwa. Lakini viko nyuma ya vioo na chini ya taa, na moyo wangu ulikuwa umebaki Altuna. Mchongaji yule alijua kuvua, au aliketi na wavuvi. Mtu asiyewahi kuona samaki mkubwa akimburuta mwenye mshipi hafikirii kuuchonga ule mguu.

Nilirudi Bukoba mwanzoni mwa Novemba, na Jumapili ya kwanza nikaenda kwa mjomba wangu Kemondo. Amevua miaka zaidi ya arobaini, tangu enzi za sato na ngege mpaka za sangara, na sasa anashona nyavu za vijana kwa sababu mgongo haumruhusu. Baada ya salamu na habari za safari nikampa simu yenye picha ya jiwe. Akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akaisogeza tena.

"Mguu umepita chini," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Amepata kitu kikubwa." Akanyamaza. "Chambo chake nini?"

"Kichwa cha fahali."

Akacheka taratibu kwa kuridhika, akanirudishia simu. Akaniuliza mvuvi huyo ni nani, nikamweleza, pamoja na nyundo na radi, na joka, na Hymir na kisu chake. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza kama huko kwao bado yuko mtu anayemtaja kabla ya kuingia majini. Nikamwambia nilichokiona ni jiwe, na jina la siku.

Akaushika uzi wa nyavu, akaendelea kushona, na bila mimi kumuuliza akaanza: baba yake na mtumbwi wao wa kushonwa kwa kamba, upepo wa kusi, alfajiri ya kwanza aliyochukuliwa kwenda kuvua akiwa mtoto, na maneno ambayo mzee aliyasema kwa Kihaya akiwa amechovya mkono ziwani. Nilikuwa na lile daftari la Ultuna mkobani. Jua likazama. Alipofika kwa Mugasha, wavuvi wa dagaa walikuwa wamekwisha washa taa zao ziwani.