Maandazi yalivyonisaidia kumuumbua bosi wa redio

Nikisikia mtu anamwambia mwandishi mchanga "mtege tu, weka kinasa sauti kwenye pochi", hasira zinanipanda. Ushauri huo nilipewa na kaka mmoja mzoefu wa chumba cha habari, ukanipotezea mwezi mzima.

Mkuu wa vipindi wa redio moja hapa Dar alikuwa anawaita mabinti wa fildi, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, Jumamosi jioni "kupimwa sauti". Anayekubali anapewa kipindi. Anayekataa, wiki inayofuata jina lake halipo kwenye ratiba ya zamu. Binti mmoja alinisimulia yote, akaniapisha nisimtaje.

Basi nikajifanya mtafuta kazi. Wigi, kucha za kubandika, simu inarekodi ndani ya pochi. Tukakutana baa moja Sinza, saa nzima na nusu. Nyumbani nikasikiliza: feni, mchoma mishikaki anagombana na muuza mkaa, na mimi naagiza juisi ya pasheni mara mbili. Bosi anasikika neno moja tu, "Karibu." Mwanasheria wetu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema, "Dada, hata angesikika, hapa tungejua alichokutaka wewe uliyejipeleka. Wale mabinti wako wapi?"

Nikarudi kuwasoma Jodi Kantor na Megan Twohey. Watu wanakumbuka waigizaji waliomtaja mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein kwa unyanyasaji wa kingono, Oktoba 2017, wanasahau kwamba wale dada wa New York Times walihangaikia makaratasi: barua ya malalamiko ya mfanyakazi wa ndani, na habari za fidia walizolipwa wanawake ili wanyamaze.

Karatasi yangu mimi ilikuja na mafuta. Nje ya geti la ile redio kuna mama anauza maandazi. Asubuhi moja namaliza la pili, natupia jicho karatasi aliyonifungia: jina, muda wa kuingia, muda wa kutoka, anakwenda kwa nani. Daftari la getini! Likijaa, walinzi wanampa mama afungie. Nilikula maandazi wiki tatu, sketi zikagoma kufunga. Mwisho nikaona ujinga, nikamwomba mama aniuzie madaftari yaliyobaki. Elfu kumi hivi, labda na chai juu. Kurasa nyingine zilishaliwa na wateja.

Zilizobaki zilitosha. Majina kumi na moja, yote Jumamosi, yote baada ya saa kumi na mbili jioni, yote kwa mtu mmoja. Hapo ndipo nikamwandikia bosi kumuuliza usaili wao unafanyikaje. Akajibu kwa maandishi, kwa madaha: siku za kazi tu, mbele ya kamati. Usimwonyeshe mtu ulichonacho kabla hajakujibu.

Mabinti sikumpigia hata mmoja. Kila mmoja nilimfikia kupitia mtu anayemwamini, na kila mmoja aliuliza lilelile: "Kumbe si mimi peke yangu?" Wanne wakakubali kuongea, mmoja kwa jina lake.

Mhariri wangu akaikataa. "Hao wenzetu, leo kwao kesho kwetu." Nikakumbuka Newsnight, kipindi cha BBC, ilivyoiweka kando habari ya unyanyasaji wa kingono wa mtangazaji wao wa zamani Jimmy Savile mwaka 2011, ITV wakairusha Oktoba 2012. Nikaipeleka gazeti jingine. Huko mwanasheria alilalamika kwamba ushahidi unanukia iliki, ila ndiye aliyenifuta neno "skendo" kila lilipotokea, akaandika rushwa ya ngono na kunionyesha kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Kazi, cheo au upendeleo kwa sharti la ngono ni kosa la jinai; sheria ilivyotungwa 2007, adhabu ni faini, kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Siku ilipotoka, simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamke aliyefanya fildi pale kabla hata sijaanza kazi hii. Redio ikatoa taarifa ya mistari minne: mkuu wa vipindi ameondoka kwa ajili ya majukumu mengine. La kwanza kati ya hayo lilikuwa kwenda kujieleza TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.