Kuyumba Nikiwa Nimesimama

Juzi, tukisubiri mwendokasi pale Magomeni Mapipa, binti yangu aliniuliza kwa nini kila nisimamapo huyumba polepole kama mtu aliyebeba mtoto, ilhali yeye ana miaka 8 na habebeki tena. Nilimjibu kwamba ni mazoea.

Alipokuwa mchanga, arobaini yake ilikuwa imekwisha kitambo. Mama alikuwa amenikanda kwa maji ya moto na kunifunga tumbo kwa khanga ipasavyo, uzito wa mtoto ulipanda vizuri kwenye kadi ya kliniki, nami niliamka kila saa tisa usiku nikilia bila sauti. Muuguzi alinisomea maswali 10 ya kipimo cha sonona cha Edinburgh, yanayohusu siku 7 zilizopita, nikayajibu yote kwa namna ya kumridhisha, hata lile la mwisho, la kujidhuru.

Mwanasaikolojia niliyepelekwa kwake baadaye hakuniuliza swali. Alivua viatu, akaniomba nami nivue, tukasimama tukitazamana juu ya sakafu ya baridi, mvua ikipiga bati. Kisha akasimama kama nilivyosimama mimi: mabega yamepanda hadi masikioni, pumzi imezuiwa, mikono imenyooshwa mbele. Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nikimbeba mwanangu mbali na kifua, kama sinia la vyombo vya kuazima. Akaanza kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akashusha mabega, akaivuta mikono kifuani, akitoa pumzi taratibu kuliko alivyoiingiza, kwani pumzi ya kutoka ikirefushwa hupunguza mapigo ya moyo. Nilimfuata bila kuambiwa. Kichwa cha mtoto kilipogusa mtulinga wangu, nikasikia harufu ya mafuta ya nazi niliyokuwa nikimpaka kwa miezi miwili, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia. Nililia kwa sauti.

Nilirudi kwake kwa wiki nyingi. Baadaye nilisoma kwamba Marian Chace, mcheza dansi wa Marekani, alianza kazi ya namna hiyo, ya kutibu kwa dansi, mwaka 1942 katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington, nikawakumbuka makungwi wetu, ambao hufunza kwa ngoma na kiuno yale ambayo maneno hayayafikii.

Wakati huohuo nilikuwa nikimeza dawa, na mama alikuwa akimchukua mtoto usiku ili nilale. Sijui ni lipi kati ya hayo lililonirudisha. Ninachojua ni kwamba miguu yangu bado inaendelea, na binti yangu bado hajapata jibu lake.